Dalali wa Ngozi Anatoa Mkono

Walinijia alfajiri, sijanawa harufu ya jana:
"Hammu mwana wa Ayyad, leo ni siku ya baia.
Mji mzima unatoa mkono. Nawe lete wako."

Mkono wangu naujua.
Miaka thelathini katika soko la ngozi la Fez
umetaja bei, umepandisha bei,
umegonga kiganja cha mnunuzi, paa! biashara imekwisha.
Hata Zuhur, mke wangu, huusukuma mbali na mkate.

Njiani nikawa nalipima neno mdomoni:
baia, bei. Bei, baia.
Ndugu wa tumbo moja. Mmoja alikwenda sokoni,
mwingine akaingia msikitini,
na wakikutana barabarani hawasalimiani.

Uani tulipangwa kwa vilemba:
masharifu mbele, wanachuoni, wenye hariri,
kisha sisi tunaonuka.
Amiri mwenyewe hakuwapo. Alikuwa na jeshi lake,
mwendo wa siku mbili, akingoja kuambiwa kwamba tunampenda.
Alikuwapo mjumbe wake mwenye joho jeupe,
na Kadhi Abdulkabir, na mwandishi kijana anayepuliza kalamu.
Na ngozi.

Ngozi ya mbuzi, iliyokwanguliwa ikawa nyepesi kama ganda la kitunguu,
maana siku kama ile, walisema, karatasi haiifai.
Niliitambua kabla sijaikaribia.
Mimi ndiye niliyeiuza.
Penye ubavu ina tundu, kisu cha mchunaji kiliteleza,
nami siku ile nililifunika kwa kidole gumba
nikasema wallahi, haina kasoro.

Mzee Buazza, mikono yake manjano ya komamanga hadi viwikoni,
alikataa kuinyoosha. "Someni kwanza."
Mjumbe akacheka. Kadhi hakucheka. Akasoma:
kusikia na kutii, tukipenda na tukichukia.
"Na ushuru wa langoni?" akauliza Buazza.
"Na akinidhulumu yeye, nimshitaki kwa nani?
Mimi ngozi mbovu huletewa, nikairudisha pesa yake,
hata kama imeshalala nyumbani kwa mtu.
Huyu nikimkuta na kasoro, duka lake liko wapi?"

Kimya.
Njiwa mmoja akatua birikani, akanywa, akaondoka.
Kadhi akamgeukia mwandishi: "Ongeza: maadamu."
"Maadamu nini, bwana?"
"Maadamu anasimamisha haki. Maadamu ushuru wa langoni umeondoka.
Andika, kijana, wino unakauka."

Kalamu ilikwenda, ikafika ubavuni, ikasita.
Kijana aliinua ngozi kwenye mwanga, na mwanga ukapita.
Akatutazama sote, asijue wa kumuuliza.
Mimi nilijua. Ulimi wangu ulilala
kama ngozi ndani ya pipa la chokaa.
Akaliruka tundu.
Kutii upande huu, maadamu upande ule,
katikati kidirisha cha kupitisha punje ya dengu.

Zamu yangu ikafika. Mjumbe aliziba pua kwa ncha ya joho.
Nikatoa mkono. Hakuugonga.
Aliugusa tu, kama mtu apimaye chungu kama bado cha moto.

Usiku Zuhur akaniuliza: "Mmeuza nini huko, mmenunua nini?"
Nikamweleza habari ya tundu.
Alikaa muda mrefu akichambua dengu.
"Kesho nenda kwa Kadhi, mrudishie fedha yake."
"Na baia?"
"Ahadi ni deni, Hammu. Lakini deni lina watu wawili.
Wewe lipa lako, kisha ukae umtazame mwenzio."

Nimehesabu: dirhamu nne na nusu.
Ziko hapa, zimefungwa pembeni mwa kitambaa.
Kunakucha,
na kutoka upande wa langoni nasikia
punda wanasimamishwa.